Kabla Hujanunua Bodi, Jua Itakaa Wapi

Vijana wa hapa Mombasa wanaoingia kwenye kazi ya kutengeneza vifaa vinavyoongozwa na bodi, yaani saketi ndogo zinazopokea programu, wawe wametoka chuoni Tudor au wamejifundisha wenyewe nyumbani, huuliza swali lile lile: ninunue bodi gani? Nami huwarudishia maswali. Kifaa chako kitakaa wapi? Kitapata umeme kutoka wapi? Habari zake zitamfikia nani, na kwa njia gani? Ukishayajibu hayo, bodi itajulikana. Usipoyajibu, utanunua kwa kutazama megahezi, yaani kasi ya chipu, zilizoandikwa kwenye tangazo, na katika kazi ninazoletewa, megahezi si jambo linalowakwamisha watu.

Chukua mfano ambao kila mtu wa mji huu anaujua. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo nyumba nyingi zina tangi la chini la kupokea maji, tangi jingine juu ya paa, na pampu ya kuyapandisha. Mwenye nyumba Kisauni anataka pampu iwake tangi la juu likipungua, izime likijaa, na yeye aone kiwango cha maji kwenye simu akiwa kazini Changamwe. Ni kazi ndogo, lakini karibu kila kitu unachotakiwa kujifunza kimo ndani yake.

Kwa kupima maji na kuwasha pampu tu, Arduino Uno ya kawaida inatosha na kusaza. Chipu yake, ATmega328P, inakwenda kwa megahezi 16, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Ni kidogo, lakini tangi la maji halijai kwa sekunde moja. Pini zake, yaani ncha za kuunganishia waya, ni za volti 5, zinavumilia mkono wa mwanafunzi kuliko za bodi nyingi, na popote utakapokwama, yupo aliyekwama hapo kabla yako akaeleza alivyotoka. Nawashauri wanaoanza waanze nayo. Ila Uno hiyo, toleo la R3, haina Wi-Fi, na mwenye nyumba wetu anataka kuona maji yake kwenye simu. Wapo wanaoiongezea moduli ya Wi-Fi pembeni. Mimi naona huko ni kujitafutia kazi, maana iko bodi nyingine, ESP32, yenye Wi-Fi na Bluetooth ndani ya chipu yenyewe.

Raspberry Pi Pico, iliyotoka 2021 na chipu ya RP2040, ni bodi safi, na pini zake hazina vituko kama vya ESP32. Lakini ile ya kwanza haina Wi-Fi, itabidi uchukue Pico W. Zile bodi ndogo za buluu za STM32F103 ziache kwanza. Nyingi zilizoko madukani zimewekwa chipu za kuiga, na kuzipakia programu mara nyingi kunataka kifaa cha pembeni. Utazirudia mkono ukishazoea.

Basi tumeshika ESP32. Jambo la kwanza linalobadilika ni volti, kwa sababu pini zake ni za 3.3. Sensa ya mwangwi, inayopima umbali wa maji kwa sauti, tutakayoifunga juu ya tangi, ile JSN-SR04T yenye kichwa kisichoingia maji, ukiipa volti 5 basi pini yake ya Echo itarudisha volti 5. Ukiunganisha moja kwa moja, siku ya kwanza pengine itafanya kazi, na hiyo ndiyo hatari yake: mtu hufunga boksi akaondoka akiamini amemaliza. Weka rezista mbili, ya kilo-omu 1 kutoka Echo hadi pini ya ESP32, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi ardhi ya saketi, pini ya GND. Theluthi mbili za volti ndizo zitakazofika kwenye pini, yaani 3.3 na kidogo. Kumbuka pia kwamba sensa hiyo haioni kitu kilicho karibu nayo sana, takriban chini ya sentimita 20 hivi. Iinue juu ya usawa wa maji yaliyojaa, la sivyo itakudanganya wakati ule ule unaoihitaji zaidi.

Sasa pini, na hapa nitakaa kidogo. Wanafunzi hudhani pini ni pini, mradi ina namba. Kwenye ESP32 sivyo. Kijana mmoja aliniletea bodi akisema imekufa. Ikiwa peke yake mezani iliwaka vizuri, akiichomeka kwenye saketi yake haifanyi lolote, na alikuwa ameshanunua nyingine ikafanya vile vile. Tukafuata waya mmoja mmoja. Swichi yake ya kuelea aliiunganisha na GPIO 12, yaani pini namba 12, akaweka na rezista ya kuivuta pini juu hadi volti 3.3, kama alivyofundishwa kufanya kwa swichi yoyote. Lakini GPIO 12 husomwa na chipu inapowaka ili kuamua kumbukumbu ya fleshi, inayohifadhi programu, ipewe volti ngapi. Ikiikuta pini iko juu, inatoa 1.8, nayo fleshi ya bodi ile inataka 3.3. Programu haisomeki, bodi haiamki. Tukahamisha waya kwenda GPIO 27, ikaamka papo hapo. Bodi zote mbili zilikuwa nzima.

GPIO 12 haiko peke yake. Namba 0, 2, 5 na 15 nazo hutazamwa wakati wa kuwaka. Namba 6 hadi 11 zimeshikwa na fleshi ndani ya moduli ya kawaida, usiziguse hata kama bodi yako imezitoa nje. Kuanzia 34 hadi 39 ni za kupokea tu: haziwashi taa wala relei (swichi inayoendeshwa na umeme), na hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu, kwa hiyo swichi utakayoiweka hapo itasoma ovyo usipoiwekea rezista ya nje. Na kwa vipimo vya analogi, yaani kusoma kiasi cha volti badala ya juu au chini tu, tumia 32 hadi 39. Nyingine, kama 25, 26 na 27, ziko chini ya kipimaji cha pili ambacho Wi-Fi inakitumia, na Wi-Fi ikiwaka usomaji wake unakataa. Hili huwachanganya watu sana kwa sababu programu ya majaribio isiyo na Wi-Fi inasoma sawasawa.

Ndiyo maana nasisitiza ukurasa mmoja wa daftari kabla ya kuchomeka waya wa kwanza. Andika kila kitu unachounganisha, volti zake, pini uliyoipangia, na pini hiyo inafanya nini bodi inapowaka. Safu ya mwisho ndiyo wengi wanaiacha. Fikiria relei ya pampu: kuanzia stima inaporudi hadi programu yako inapoanza kuna muda mfupi ambao hakuna anayeiamuru hiyo pini. Moduli nyingi za relei huwaka pini ikiwa chini, nyingine ikiwa juu. Jua yako ni ya aina gani, weka rezista ya kilo-omu 10 inayoishikilia upande wa kuzima, na maagizo ya mwanzo kabisa katika programu yawe ya kuizima.

Umeme nao una hesabu zake. ESP32 inaporusha Wi-Fi huvuta mkondo kwa mishindo, na watengenezaji wake, Espressif, wanapendekeza chanzo kinachoweza kutoa angalau miliampea 500. Chaja hafifu na waya mwembamba wa USB hufanya volti zianguke kwa kitambo kidogo tu, bodi ikajizima na kuwaka tena, na kwenye dirisha la siriali, pale kompyuta inapoonyesha maandishi ya bodi, utaona ujumbe unaotaja brownout, yaani volti kushuka mno. Ukiuona, usianze kufumua programu. Badilisha waya, badilisha chaja, uongeze kapasita ya maikrofaradi mia kadhaa karibu na bodi.

Betri ndiyo inayowapotosha wengi zaidi. Mtu ana betri ya lithiamu ya volti 3.7, anaipeleka kwenye pini ya volti 5, anashangaa kwa nini bodi inazimika betri ikiwa bado ina nguvu. Bodi nyingi za bei nafuu zina reguleta, kipande cha kushusha volti, ya AMS1117, ambayo mzigo ukiwa mkubwa hubakiza kwake karibu volti 1.1. Toa 1.1 kwenye 3.7, unabaki na 2.6, nayo ESP32 inataka 3.0 hadi 3.6. Tafuta bodi yenye reguleta inayopoteza kidogo. Vile vile usisome kwamba ESP32 ikilala usingizi mzito hula maikroampea 10 ukadhani bodi yako nzima itakula hivyo. Hiyo ni chipu peke yake. Taa ya bodi, chipu ya USB na reguleta haviko usingizini. Pima kwa mita yako kabla ya kumwahidi mteja miezi.

Kwa Uno hesabu ni ya joto. Ukiipa volti 12 na saketi yako ikavuta miliampea 200, volti 7 zinazobaki zinageuka joto kwenye reguleta: wati 1.4 ndani ya kipande kidogo, kwenye boksi lililofungwa, juu ya paa, mwezi wa Februari. Weka kipunguza volti cha aina ya LM2596 kabla ya bodi, kishushe volti hadi 5 huko huko nje.

Kuipanga bodi kwenye kompyuta ni kwepesi ukijua mitego. Waya nyingi za USB za bei ya chini ni za kuchaji tu, hazipitishi data. Tafuta mmoja mzuri, uutie alama, usiuazime. Bodi za kuiga mara nyingi zina chipu ya CH340, na kompyuta isipoionyesha poti, huenda inakosa draiva yake. Arduino Nano ikikataa kupokea programu ilhali kila kitu kiko sawa, nenda kwenye menyu ya prosesa uchague ile ya butiloda (programu ndogo ya bodi inayopokea programu yako) ya zamani, maana Nano nyingi bado zinapokea kwa kasi ya 57600. ESP32 ikigoma, shikilia kitufe cha BOOT upakiaji unapoanza. Na maandishi yakija kama takataka kwenye dirisha la siriali, linganisha kasi ya dirisha na ile uliyoiandika kwenye programu.

Bahari, ndugu yangu, haitusamehi. Hewa ya chumvi hula shaba, na waya za kuchomeka zinazofaa mezani huota ukijani kwenye ncha zake. Kifaa cha kukaa nje kilehemu, piga vanishi ya saketi bodi ikishajaribiwa, ukiacha wazi viunganishi na kichwa cha sensa. Waya ziingilie chini ya boksi, si juu, ili mvua ya kusi isifuate waya kuingia ndani.

ESP32 ya kawaida inashika Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu. Ruta ya mteja ikiwa imewekwa 5 peke yake, haitaiona kabisa, kwa hiyo uliza kabla hujapanda paa. Stima ikikatika na kurudi, bodi huwaka kabla ya ruta kuwa tayari. Andika programu inayojaribu kuunganika tena na tena huku ikiendelea kuendesha pampu. Maji ya nyumba yasisimame kwa sababu intaneti haipo. Weka pia kikomo cha muda: pampu ikizunguka kupita muda wa kawaida wa kujaza tangi, izimwe, pengine tangi la chini limekauka.

Relei ndogo ya buluu imeandikwa ampea 10, lakini mota ya pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na ncha za relei zinaweza kugandana pampu isizime tena. Relei iwashe kontakta, swichi kubwa ya mizigo mizito, na kontakta ndiyo iwashe pampu. Upande huo wa volti 240 mwachie fundi wa umeme mwenye leseni, nawe usimame hapo umwonyeshe waya wako wa kuamuru unaishia wapi.