Je, sayari kibete ni sayari?

SWALI: Kitabu cha mwanangu kinasema Pluto si sayari bali ni "sayari kibete". Ninavyojua mimi, mtu kibete ni mtu na mbuzi kibete ni mbuzi. Iweje sayari kibete isiwe sayari? Na wingi wake ni upi?

JIBU: Kisarufi una haki ya kushangaa. Kwa kawaida jina linalofuata jingine huupunguza upana wa lile la kwanza bila kulikana: mtoto kiziwi ni mtoto, na ng'ombe dume ni ng'ombe. Hata hivyo, tunaye pia bata mzinga, ambaye hakuna mfugaji amhesabuye pamoja na bata wake. Sayari kibete imewekwa upande huo wa bata mzinga, na walioiweka huko ni wanaastronomia, si wanasarufi.

Tarehe 24 Agosti 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliamua kwamba sayari ya mfumo wetu sharti ilizunguke Jua, iwe nzito kiasi cha mvuto wake wenyewe kuifinyanga ikaribie umbo la tufe, na iwe imeifagia njia yake. Pluto inatimiza masharti mawili ya mwanzo. La tatu ndilo lililoiangusha. Kufagia huku si kutobakiza hata jiwe, kwani Mshtarii nayo huandamana na maelfu ya mawe njiani mwake, ila yote yametiishwa na mvuto wake. Pluto hupita katika ukanda wa Kuiper, yaani eneo la magimba ya barafu na mawe lililo ng'ambo ya Neptuni, ikiwa mpitaji mmoja kati ya wengi, na Eris, sayari kibete nyingine iliyotangazwa mwaka 2005, huishinda kwa uzito.

Siku hiyohiyo lililetwa pendekezo la kuziita sayari nane zinazotimiza masharti yote "sayari za jadi", ambalo lingeacha mwanya wa sayari kibete nazo kuhesabiwa sayari. Likakataliwa. Mshangao wako, basi, umetokana na maneno mawili yaliyonyimwa kura.

Binafsi naliona jina hili limechaguliwa vibaya, hasa kwetu, maana neno sayari limetoka katika Kiarabu na asili yake ni kwenda, nayo Pluto inakwenda kama inavyokwenda Zohali. Lakini asili ya neno haiifungi istilahi.

Kuhusu wingi, fuata mtoto kiziwi, watoto viziwi: andika sayari vibete. Upatanisho ubaki wa neno sayari, yaani "sayari kibete hii ilipigwa picha kwa karibu mwaka 2015", si "hiki kilipigwa".