Ukitaka uzuri sharti udhurike: mimi nilidhurika, uzuri sikuuona

Jumatatu usiku, taa nimeshazima, simu ikatetema. Alikuwa mdogo wangu mmoja anayenisoma kutoka Mwanza. "Dada, nimetoka kusuka sasa hivi, Jumamosi ni sendofu yangu. Nimemeza panadol mbili na bado kichwa kinagonga. Nikicheka naona masikio yanapanda. Ni kawaida tu, eti?" Na picha chini yake.

Nikaikuza ile picha. Rasta nyembamba kama njiti za kiberiti, mistari imenyooka, huyo msusi mkono anao, siwezi kumnyima sifa yake. Lakini pale kwenye kipaji, kila rasta ilipoanzia, ngozi ilikuwa imeinuka vipele kama kuku aliyenyonyolewa, na katikati ya kipele na kipele imewambwa kama ngoma. Kichwa kile nilikijua. Kilikuwa changu, mwaka 2019.

Nilimtumia sauti ya dakika nne ambayo kwa kifupi inasema: fumua, usiku huu huu. Tiki zikawa bluu, kimya. Basi kwa kuwa yeye amenyamaza, ngoja niseme na ninyi.

Mimi nimenyolewa nywele miaka 11, darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Waliosoma shule zetu zile wanaelewa njaa ya nywele mtu anayotoka nayo. Likizo ya Desemba ndipo mama aliponisuka twende kilioni, mistari sita ya kurudi nyuma, kwa vidole vilegevu mpaka nasinzia magotini pake. Nilimdharau. Nilitaka vichwa vya kwenye kalenda za saluni. Na tusidanganyane, sote tunaosoma hapa tunataka kitu kimoja: nywele ndefu, zimejaa, na mbele zimelala kama zimepigwa pasi.

Nilipopata kazi Dar es Salaam, mapokezi kwenye ofisi moja, mshahara wa kwanza uliishia kichwani. Dawa ya kulainisha nywele kila baada ya wiki sita. Mnaijua ile: unapakwa vaselini pembeni, unaambiwa "ikianza kuwasha sema," na wewe ikianza kuwasha husemi, kwa sababu jirani yako kwenye kiti cha pili bado kavumilia. Nimewahi kukaa mpaka machozi yakanitoka, nikaenda kuoshwa na vidonda vinne kisogoni, halafu siku tatu baadaye nikarudi kusuka juu ya vidonda hivyo hivyo. Saa saba kwenye kigoda cha plastiki, shingo imekunjwa, msusi mmoja kulia, mwingine kushoto. Wakimaliza wanachovya ncha kwenye maji ya moto na mimi natembea kwenda kituoni macho yamevutika kuelekea masikioni, najiona malkia. Usiku nalala kifudifudi, maana pengine pote panauma. Siku ya tatu, kichwa kinawasha, unakipigapiga kwa kiganja. Siku ya tano, vipele vyenye usaha kwenye shina la nywele.

Na kila nikilalamika nilipewa methali. Ukitaka uzuri sharti udhurike. Nikaimeza pamoja na panadol.

Miaka minne hivyo. Nywele hazikuondoka kwa kishindo. Ziliondoka kwa adabu, kidogo kidogo, kama mpangaji anayehamisha vyombo usiku. Kwanza juu ya masikio, kisha pembe mbili za paji. Nilichofanya ni kuvaa wigi la gundi ili kuficha, na gundi ikabandua chache zilizobaki.

Aliyeniambia ukweli ni wifi yangu, kwenye kicheni pati, mbele ya wanawake wasiopungua thelathini. Kilemba kilikuwa kimerudi nyuma bila mimi kujua. "Wifi, mbona komwe limepanuka hivyo? Ndege inatua hapo!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilikwenda chooni nikafunga kilemba upya, mikono inatetemeka, nikarudi kucheza taarabu kama kawaida. Wifi, najua unasoma hapa. Nilishakusamehe, lakini sijasahau rangi ya gauni ulilovaa.

Kuanzia hapo nikawa mteja wa kila mtu. Duka moja la dawa liliniuzia tyubu ya krimu bila hata kunitazama kichwani. Nikaipaka miezi miwili, ngozi ikawa nyembamba, inang'aa, mishipa inaonekana. Baadaye ndipo nikaelezwa kuwa ndani mlikuwa na steroidi kali, ambayo mtu hapaswi kujipakia kiholela. Nikahamia mafuta ya nyonyo. Kisha maji ya vitunguu, asubuhi na jioni. Wiki ya pili mume wangu akaniuliza kwa upole kama nimeanza kuuza supu. Kwenye daladala abiria wa kiti cha pembeni alifungua dirisha, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nilikuja kufika kwa daktari wa ngozi nikiwa nimechelewa. Nilitegemea aniandikie dawa. Yeye akavuta taa, akachukua kile kidude chao cha kukuza ngozi, akatazama mbele, juu ya masikio na utosini, halafu akauliza swali moja: "Anakusuka nani?"

Nikamwambia ninachoamini, kwamba nywele zetu hizi za kipilipili ndivyo zilivyo, hazina mizizi. Alicheka. Akasema tatizo langu linaitwa upara wa kuvutwa, na kwamba watu walianza kuliandika kitaalamu mwaka 1907 kutokana na wanawake wa Greenland. Greenland, jamani! Kwenye barafu! Wanawake wenye nywele za singa waliokuwa wanazikaza juu ya kichwa, nao wakapoteza za mbele kama mimi. Sijui kwa nini jambo lile lilinitoa machozi kuliko hata komwe la wifi. Miaka yote nilikuwa naomba radhi kwa ajili ya nywele zangu, kumbe hazikuwa na kosa.

Alinishikisha kioo. Mbele kabisa, kwenye mstari wa zamani, kulikuwa na vinyweleo vifupi laini vimebaki kama uzio, nyuma yake patupu. Ndiyo alama yake hiyo: vile vifupi visivyoshikika na msusi husalimika. Palipo na vinyweleo na vitundu bado pana matumaini. Palipolainika pakang'aa, shina limeshageuka kovu, na kovu halioti kitu, upake nyonyo, vitunguu au dhahabu.

Nilirudi nyumbani nikasoma kama mtu wa mtihani. Daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town, Afrika Kusini, na wenzake walipochunguza wanawake wa huko, karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na hali yangu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaosuka juu ya nywele zenye dawa, na kwa waliotoka kusukwa na maumivu, vipele au magaga. Nikahesabu: vyote vitatu ninavyo, pamoja na dawa vinne.

Miezi iliyofuata haina hadithi. Niliacha dawa, niliacha kusuka mbele, nikapaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele niliyoandikiwa, nikasubiri. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hata ungeziombea. Mwezi wa nane wa kusubiri nikaona kivuli. Jumamosi iliyopita dada mpya anayenitengeneza alipitisha chanuo mbele, chanuo likakwama. Limekwama! Akasema, "Dada, huku mbele umejaa." Nilimpa elfu tano ya soda. Juu ya sikio la kulia, sehemu ya vidole viwili, hapajarudi na daktari amesema hapatarudi. Nimepakubali. Ukiniona nimebana pembeni upande mmoja, si fasheni.

Sasa nisikilizeni, na mnisamehe nikipandisha sauti.

Ikiuma, fumua. Usiku huo huo. Usiseme italegea yenyewe, maana huo muda wa kulegea ndio shina linang'oka. Mwambie msusi alegeze akiwa bado mstari wa kwanza. Akinuna, kichwa ni chako. Rasta nene kidogo, fupi kidogo, na zile nywele za mbele kabisa aziache. Ukifumua, pumzisha wiki kadhaa kabla ya kusuka tena. Umeweka dawa? Usisuke wiki hiyo. Una kidonda? Usiweke dawa. Ile dawa ina ukali wa jamii ya magadi ya kutengenezea sabuni, wewe unaivumilia ya nini? Mnavumilia vya kutosha nyumbani na kazini, mnataka mvumilie na kichwani?

Na msitibu kila upara kwa chupa moja. Umejifungua, mtoto ana miezi mitatu, nywele zinatoka mafungu kwenye chanuo: hiyo ni homoni, mara nyingi hurudi zenyewe, mwache mtoto anyonye. Mba wa kawaida unataka kuoshwa, na shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi, husaidia. Kuujaza mafuta juu yake ni kuulisha. Lakini ukiona utosi ndio unaokonda, unawaka au unauma ukiguswa, usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Upo ugonjwa unaoanzia pale katikati na kuacha makovu kimyakimya. Nenda kwa daktari wa ngozi. Hospitali kubwa wapo, na KCMC kule Moshi wana kituo kizima cha kufundishia wataalamu wa ngozi.

Watoto ndio wananiuma zaidi. Mtoto wa miaka mitatu, shanga mpaka mabegani, analia, na mama anamwambia nyamaza upendeze. Tunamfundisha methali ile ile. Na akiwa na mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika, hayo ni mashilingi. Mashilingi ya kichwani hayasikii krimu, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele wenyewe. Yanataka vidonge atakavyoandikiwa zahanati au hospitali, kwa wiki kadhaa, na chanuo lake lisitumiwe na nduguze.

Mama yangu nilimpigia. Nikamuuliza kwa nini alikuwa ananisuka legelege vile. Akadhani namlaumu, akasema mkono wake haukuwahi kuwa na nguvu. Nikamwomba akija Dar mwezi ujao anisuke twende kilioni, mistari sita.

Na mdogo wangu wa Mwanza amejibu leo asubuhi. Amefumua mistari miwili ya mbele tu. Huko nyuma ameacha, maana alishalipa elfu sitini na sendofu ni keshokutwa. Maumivu, anasema, yamepungua nusu. Nimemwandikia: na hiyo nusu nyingine je? Tiki bado ni za kijivu.