Upara unakuja: kabla hujatoa pesa, nyoa kwanza

Mwanaume akianza kupata upara, wa kwanza kujua ni kinyozi, wa pili ni mke. Mwenyewe huwa wa mwisho, na akishajua anaanza kumwambia kinyozi "mbele usiguse sana." Mimi nywele zilianza kurudi nyuma pembeni mwa paji la uso nikiwa chuo, utosi ukafuata, na kwa miaka kadhaa nilivaa kofia hata ndani ya daladala la saa nane mchana, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Leo nanyoa zote. Katikati hapo nimepaka dawa, nimekaa mbele ya daktari wa ngozi, nimewahoji waliopandikiza, na mdogo wangu wa tumbo moja anameza vidonge mpaka leo na ameridhika.

Jambo moja ningependa ulielewe kabla ya mengine yote: hakuna tiba ya upara ambayo unainunua mara moja ukamaliza. Dawa inayofanya kazi inafanya kazi kwa muda ule tu unaoitumia. Ukiacha, kichwa kinarudi kwenye ratiba yake kama vile hukuwahi kufanya kitu. Kwa hiyo usiulize ipi ni dawa kali. Uliza ipi utaweza kuishi nayo mpaka uitwe babu.

Lakini hakikisha kwanza kwamba ni upara. Upara wa kurithi una njia zake: unaanzia pembe mbili za paji la uso au utosini, unakwenda polepole, unaacha nywele za pembeni na za kisogoni. Hauwashi, hauumi, hautoi magamba wala usaha. Ukiona kingine tofauti na hicho, huna haja ya kununua dawa ya upara. Mabaka ya mviringo yenye ngozi laini, yaliyojitokeza ghafla, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina ya nywele. Kwa wengi zinarudi zenyewe, na daktari ana sindano za kusaidia. Mapunye ni fangasi, huwapata zaidi watoto, na yanahitaji dawa ya kumeza, kupaka peke yake hakutoshi. Nywele zikipukutika kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, upasuaji au msiba mzito, subiri, zitarudi. Tezi ya shingo ikiharibika nywele hupungua. Kaswende iliyofika hatua ya pili huzing'oa kwa viraka viraka, kana kwamba panya wamepita. Mwenye rasta zilizokazwa sana anapoteza za mbele na za pembeni, na asipolegeza mapema hazioti tena.

Halafu kuna vile vipele vya kisogoni, ambavyo sisi watu weusi tunavijua sana na tunavidharau sana. Vinaanza kama harara baada ya kunyolewa, vinakuwa vigumu, mwisho vinageuka makovu yaliyoinuka na nywele hapo hazioti. Ukivikuta vikiwa vichanga, kinachosaidia kuliko vyote ni kuacha kunyoa kwa wembe au kwa mashine iliyolala kwenye ngozi. Vikikomaa, ni kazi ya daktari. Popote kovu lilipokaa, shina la nywele limekufa, hakuna chupa itakayolifufua. Ndiyo maana nasema nenda hospitali mapema, na usidhani madaktari wa ngozi wako Muhimbili tu. Pale KCMC, Moshi, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na waliopita pale wametawanyika mikoani na katika nchi nyingine za Afrika. Uliza hospitali ya rufaa ya mkoa wako.

Ukishaambiwa ni upara wenyewe, basi ujue kisa chake ni homoni na urithi. Mwili unageuza testosteroni kuwa homoni nyingine inayoitwa DHT, na kwa wenye urithi huo mashina ya nywele za mbele na utosini hayaivumilii. Kila mzunguko nywele inaota nyembamba zaidi na fupi zaidi, hadi inabaki manyoya. Kofia haina hatia. Mashine ya kinyozi haina hatia. Urithi unatoka kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo waangalie na wajomba. Wala upara si cheti cha nguvu za kiume. Kiwango cha testosteroni cha wenye upara ni sawa tu na cha wengine.

Na upara si pesa. Hilo la "mwenye kipara ana hela" tunalichekea, lakini mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walitoa tahadhari baada ya wanaume wenye upara kuuawa huko Milange, mkoani Zambezia, na watu walioaminishwa kwamba vichwa hivyo vina dhahabu ndani. Tangu nisome habari ile, anayenitania kwa uzuri kwamba mimi ni "uwanja wa ndege" namshukuru.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, ambao wauza dawa hawatakupa: nyoa zote. Usinyoe kwa maisha, nyoa kujaribu. Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukichukia utarudi ulipokuwa kabla ya miezi miwili kwisha, na umetumia bei ya kunyoa tu. Wiki ya kwanza utashangaa, maana ngozi ya kichwani ni nyeupe kuliko ya usoni na kila mtu ana la kusema. Pita hapo. Wiki ya tatu ndiyo ya kujipima. Ukijikuta umesahau kama una kichwa, umeokoa fedha nyingi. Ukijikuta bado unaumia kila ukipita kwenye kioo, hiyo pia ni habari: wewe unahitaji tiba, na usimruhusu mtu akuambie ni ushamba au ni majivuno. Kichwa ni chako.

Ukinyoa, beba mashine yako au hakikisha kinyozi anasafisha ya kwake kwa spiriti mbele ya macho yako, na wembe uwe mpya umefunguliwa wewe ukiwepo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinapita kwenye mchubuko usiouona. Mwenye asili ya vipele asitafute kung'aa. Mashine isiyo na kichanio, ikiinuliwa kidogo kutoka kwenye ngozi, inatosha. Wa wembe anyoe kufuata nywele zinakolala. Na paka mafuta ya kujikinga na jua. Sisi weusi tunajidai jua halitujui, lakini utosi ambao haujawahi kukaa wazi unaungua.

Mafuta ya mitaani nitayapita haraka. Mnyonyo, nazi, habasoda, maji ya kitunguu: vingine vinalainisha nywele zilizopo na vinanukia vizuri, isipokuwa kitunguu. Hakuna nilichokiona kikizuia DHT. Ninachokiogopa ni chupa isiyo na jina la kiwandani inayouzwa kwa picha za "kabla na baada" kwenye simu, kwa sababu hujui ndani wametia nini. Dawa iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na ya Kenya iwe imepita kwa bodi yao ya famasia. Wale wanaochorwa mstari wa mbele kwa piko au rangi nyeusi kabla ya harusi nao wajihadhari: rangi hizo nyingi zina kemikali inayoitwa PPD, na mwili usioipenda huvimba mpaka macho yanafunga. Jaribu tone nyuma ya sikio siku mbili kabla. Bwana harusi aliyevimba uso nimemwona kwa macho yangu, na picha zile zipo.

Sasa minoksidili, ambayo mimi niliitumia. Ilianza kama kidonge cha presha miaka ya 1970. Wagonjwa wakaota nywele mahali wasipozitaka, watengenezaji wakaona biashara. Marekani iliidhinisha ya kupaka kichwani mwaka 1988. Inasaidia zaidi utosini kuliko kwenye pembe za mbele. Wiki za mwanzo nywele zinadondoka zaidi kuliko ulipoanza, kwa sababu zile dhaifu zinasukumwa zitoke, na wengi hapo ndipo wanapoitupa wakidhani wamedanganywa. Ipe miezi minne mpaka sita ndipo uhukumu. Ya maji iliniwasha vibaya na joto letu hili. Ya povu ikanifaa. Nawa mikono ukimaliza, iache ikauke kabla hujalala, la sivyo inahamia kwenye mto na kutoka hapo kwenye uso wa mkeo, na mwanamke kuota ndevu ni kesi ambayo hutaishinda. Weka mbali na watoto. Mwenye paka awe makini zaidi, maana kwa paka ni sumu inayoua hata akilamba kidogo. Moyo ukienda mbio au ukipata kizunguzungu, acha umwone daktari. Mwenye tatizo la moyo aulize kabla ya kuanza.

Utosi wangu ulijaa, si kama wa ujana, lakini ulijaa. Niliacha kwa hesabu. Chupa ya mililita 60, ukipaka mililita 1 asubuhi na 1 jioni, inaisha siku ya 30. Ni chupa 12 kwa mwaka, chupa 240 kwa miaka 20. Chukua bei ya duka lako la dawa uzidishe mwenyewe. Kazi yangu inanipeleka wilayani wiki nzima, na huko maduka hayana, kwa hiyo kila safari ilikuwa na chupa ndani ya begi kama mtoto mchanga. Nikaona hayo si maisha ninayoyataka. Zile zilizoota zikaondoka ndani ya miezi michache, kama nilivyoambiwa. Mtu anayekaa mjini, mwenye kipato kinachoeleweka, anaweza kufikia uamuzi tofauti kabisa na wangu na akawa sahihi.

Kupandikiza ndiko kunakozungumzwa sana siku hizi, kwa kuwa ndege ya Istanbul, Uturuki, inatoka hapa Dar moja kwa moja na vijana wanarudi na bendeji kichwani wakiwa na picha za mlangobahari wa Bosphorus. Kinachofanyika ni kuhamisha nywele za kisogoni, ambazo DHT haizigusi, kuzipeleka mbele. Hazizaliwi nywele mpya. Kisogo kina akiba yake na ikiisha imeisha. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anayekimbilia kujaza mbele anaweza kubaki na kisiwa cha nywele mbele huku upara ukiendelea kumzunguka kwa nyuma, asiwe na akiba ya kuuziba. Ndiyo maana wengi huambiwa waendelee na dawa hata baada ya kupandikiza.

Sisi wenye nywele za kipilipili tuna mambo mawili ya ziada. Nywele yetu imejipinda hata chini ya ngozi, kwa hiyo fundi aliyezoea nywele zilizonyooka anaikata shina anapoichomoa, na lililokatika ndilo limeharibika. La pili ni makovu yanayovimba. Kama una kovu lililoinuka la chanjo, la kutoboa sikio au la upasuaji, mwambie daktari kabla ya kulipa chochote, na asipokuuliza mwenyewe, ondoka. Faida tunayo pia: kipilipili kikiota kinafunika eneo kubwa kwa nywele chache. Omba kuona vichwa vya watu weusi aliowafanyia, mwaka mmoja baadaye, maana matokeo hayaonekani mapema. Uliza nani hasa atakayeshika kifaa, daktari au msaidizi wake. Na uliza ukipata usaha ukiwa umeshafika Dar, utampigia nani. Jamaa yangu mmoja hakuuliza hilo la mwisho. Kichwa kimependeza leo, lakini wiki zile mbili alizungushwa hospitali tatu na hakuna aliyetaka kugusa kazi ya mwenzake.

Vidonge nimeviacha mwisho kwa sababu vinataka kichwa kilichotulia. Finasteridi ya miligramu 5 ilianza kutumika Marekani mwaka 1992 kwa wazee wenye tezi dume iliyokua. Ya miligramu 1 kwa ajili ya nywele ikafuata mwaka 1997. Inapunguza DHT kwenye damu kwa takriban theluthi mbili, na kwa wanaume wengi upara unasimama. Kwa wachache, wanaohesabika ndani ya kila mia moja, hamu ya tendo la ndoa inapungua au nguvu zinalegea. Wengi wakiacha wanarudi sawa, lakini wapo wanaosema hawakurudi. Huzuni nzito nayo ipo: mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni mojawapo ya madhara yake. Mwenye historia ya sonona aseme kwa daktari wazi. Vidonge vilivyokatwa au kupondwa visiguswe na mwanamke mjamzito, maana vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na usitoe damu ukiwa unavitumia, wala ndani ya mwezi mmoja baada ya kuacha.

Mdogo wangu alikaa na mkewe wakayasoma hayo yote kwa pamoja kabla hajaanza, jambo ambalo nadhani lilimsaidia kuliko dawa yenyewe, kwa sababu asingekuwa na cha kuficha kama chumbani mambo yangebadilika. Hayakubadilika. Ananiambia, "Kaka, wewe umezaliwa na kichwa kizuri cha kunyoa. Changu kina kona." Kweli kina kona.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakukijua mpaka mimi nilipomwambia. Dawa hii inashusha kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuangalia saratani ya tezi dume, mpaka nusu hivi. Na saratani hiyo inawapata sana wanaume weusi. Mtu anameza finasteridi kimya kimya, anapimwa, namba inatoka ndogo, anaambiwa uko salama kumbe namba halisi ni kubwa mara mbili. Juzi alipokwenda kupima, fomu haikuwa na sehemu ya kuuliza dawa za nywele, na muuguzi hakuuliza. Akasema mwenyewe. Daktari akachukua kalamu, akazidisha ile namba mara mbili, akaiandika pembeni na jina la dawa.