Kumenya ngozi kwa asidi: niliyoyaona kwenye chunusi na makovu yangu

Dada zangu, kabla hamjalipia tiba ya kumenya ngozi, chukueni kioo mkae karibu na dirisha mchana, muangalie kinachowasumbua ni kipi hasa. Kuna chunusi zenyewe, kuna madoa meusi yanayobaki zikishakauka, na kuna vishimo. Kwangu mimi tiba ilizipunguza chunusi na madoa ikayafifisha sana. Vishimo vipo vilevile. Asidi nyepesi hufika tabaka la juu tu, na kishimo kimeingia chini zaidi. Hicho hutafutiwa tiba nyengine, kama ya kutobolewa ngozi kwa sindano ndogondogo. Anayekuahidi kuvijaza kwa kumenya mara moja, usimpe pesa yako.

Nilipakwa asidi ya salisiliki. Hii huyeyuka kwenye mafuta, kwa hivyo hupenya kwenye vitundu vilivyoziba, ndiyo maana inaufaa uso wa mafuta kama wangu. Inachoma dakika chache, kisha ngozi hukauka na kubanduka magamba membamba, zaidi pembeni mwa mdomo na pua. Msiyabandue kwa kucha! Ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa huweka weusi zaidi palepale, na kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na wanaotaka waanze na asidi kali ili wamalize haraka. Nyepesi, ikirudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka 4, ndiyo salama.

Naulizwa sana kama singo, ule mchanganyiko wa manukato wanaosuguliwa maharusi, haitoshi. Naipenda singo, na harufu ya liwa na mawaridi siibadilishi na kitu. Lakini kuusugua uso wenye chunusi mbichi ni kuzipasua, na makovu ndiko yanakotoka. Biharusi mwenye chunusi asingwe mwili, uso uachwe. Wala asiende kumenywa wiki ya harusi.

Jua ndilo lililonipa kazi kubwa. Mimi nilichagua kipupwe, maana kaskazi jua letu halina huruma, na mtandio haufuniki mashavu. Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF (kipimo cha kinga, huandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, uipake kabla ya kutoka, na ukishinda nje uirudie kila baada ya saa 2. Bila hiyo madoa yatarudi, na gharama yote itakuwa imepotea.

Mtaalamu anayejua kazi yake hukuuliza kabla hajafungua chupa: una mimba? Umetumia isotretinoini, vidonge vya chunusi sugu, miezi ya karibuni? Makovu yako huvimba? Unapaka mkorogo wa kujichubua? Hili la mwisho wengi hulificha kwa haya. Lisemeni, kwa sababu krimu hizo mara nyingi huwa na steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba, na asidi ikipakwa hapo huunguza. Asipokuuliza hata moja, chukua mkoba wako urudi nyumbani.