Fisi na bucha: niliyoyaona kwenye meli za bahari kuu

Mleta mada umeuliza kuna haja gani ya kuwaita wenye meli mezani wakati kanuni za uvuvi wa bahari kuu zinatungwa, ilhali hao hao ndio wanaozoa samaki. Ukamalizia kwamba ni kumkabidhi fisi bucha. Nimesoma majibu yote yaliyotangulia na karibu wote mmeafiki. Mimi naafiki nusu, na ile nusu nyingine nitaieleza kwa urefu kidogo, mnivumilie. Nimefanya safari tatu kama mwangalizi kwenye meli za kigeni za jodari, ndefu kuliko zote ilikuwa ya siku 71. Majina ya meli siyataji.

Mwangalizi hana bunduki wala pingu. Ana fomu, penseli kwa sababu wino hulowa, ubao wa kupimia samaki, kamera na begi la nguo. Unapanda meli ya watu, unakula wali wao, unalala kwenye kitanda ambacho injini inakitikisa usiku kucha, kisha kazi yako ni kuandika wanachokifanya. Fikiria mgeni aje kwako ahesabu kila kijiko unachotia mdomoni. Nahodha wangu wa kwanza, mtu mzima kutoka Asia ya Mashariki, wiki nzima hakunipa zaidi ya kutikisa kichwa asubuhi.

Ilikuwa meli ya mishipi mirefu. Kwa asiyezijua: mshipi mama unazidi kilomita 100, unaelea kwa maboya, na umening'inizwa ndoana kama 3,000, kila moja na chambo chake. Kuutandaza ni saa tano au sita. Kuuvuta ni saa kumi, wakati mwingine kumi na mbili, na ndoana ikikupata mkononi hospitali iko mbali mno.

Sasa, kisa cha papa. Kitabu cha meli kilikuwa na neno moja tu, "papa", na kilo kadhaa mbele yake. Fomu yangu ilikuwa na papa wa aina saba. Miongoni mwao alikuwemo papa mkia mrefu, ambaye Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao yake Ushelisheli, ilikataza tangu 2010 asibakizwe melini. Akinaswa anarudishwa majini, na anaandikwa. Nikajiambia leo nimewapata. Nikaandika maelezo makali, ukurasa mzima, nikiwa na raha ya askari mgeni aliyekamata mwizi wake wa kwanza.

Siku mbili baadaye, kwa ishara na Kiingereza cha kuungaunga, nahodha akanionyesha kile kitabu chenyewe. Kampuni ilimpa kitabu chenye safu moja ya papa. Hajawahi kupewa kingine, na hakuna aliyewahi kumuuliza ni papa gani. Wale mkia mrefu alikuwa akiwakata kamba na kuwaachia bila kuandika, kwa sababu aliona hapana mahali pa kuwaandika. Akaniomba karatasi yangu ya picha. Akaibandika kwa gundi ya karatasi ukutani pale penye usukani. Hadi tunarudi bandarini alikuwa akiandika majina, mengine akikosea, lakini akiandika.

Simsemi kama malaika. Safari ya pili nilipanda na nahodha mwingine aliyekuwa mwongo kwelikweli, na uongo wake niliujua kwa sababu ya yale niliyofundishwa na wa kwanza.

Jambo lingine dogo, la kasa. Kanuni inataka meli hizi ziwe na kifaa cha kukatia kamba na cha kuchomolea ndoana kasa anaponaswa. Meli yetu ilikuwa nacho, kipya kabisa, kimefungiwa stoo. Nikauliza kwa nini. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, akanipeleka ubavuni mwa meli, akanyoosha kile kifimbo kuelekea majini: hakifiki hata nusu. Aliyekinunua alikuwa na mashua ndogo kichwani mwake, na ukingo wa meli ile uko juu sana. Serahangi alichukua bomba, akachomelea mpini mrefu, jioni moja tu ikatosha. Kasa wawili waliofuata waliachiwa wakiwa hai. Sasa niambie, mkuu, kwenye kikao cha kutunga kanuni ile kulikuwa na serahangi hata mmoja?

Na daftari. Wiki ya nne nahodha yule wa kwanza alinionyesha daftari lake binafsi, la miaka 19. Joto la maji, mkondo unaelekea wapi, umri wa mwezi, kina cha ndoana, jodari macho makubwa wangapi, nduaro wangapi. Mwanasayansi wa samaki angelia machozi. Nikamwomba nipige picha kurasa chache. Akalifunga. Alichosema, kwa tafsiri yangu, ni kwamba wenzake wakilijua lile yeye atakufa njaa.

Hapo ndipo ilipo shida yote ya bahari kuu. Samaki wa pwani unaweza kumhesabu dikoni. Bahari yetu ya kiuchumi, yaani ile ambayo nchi ina haki ya samaki wake, kwa Tanzania pekee ni kama kilomita za mraba 223,000, na meli nyingi za kigeni zinazovua humo hupeleka samaki Port Louis ya Mauritius au Victoria ya Ushelisheli, hazigusi Dar. Kanuni za IOTC zinataka waangalizi angalau asilimia 5 ya shughuli za meli kubwa. Zilizobaki unazijua kwa maneno ya nahodha na kwa kile kifaa cha setilaiti kinachoonyesha meli ilipo. Kifaa kinakwambia alipo, hakikwambii amevua nini. Kwa hiyo fisi, mkuu, tayari yumo buchani, na mizani anayo yeye. Tunachobishania ni kama tutazungumza naye au la.

Kuna mahali walizungumza naye, na si mbali, ni bahari hii hii yetu, kusini zaidi. Kule kwenye milima ya chini ya bahari kuna samaki mwekundu ambaye sokoni huitwa orenji rafi. Anaishi mamia ya mita chini, mara nyingi hadi zaidi ya kilomita moja, na anakua polepole mno. Anaweza kufikisha zaidi ya miaka 100, na huchukua miongo kadhaa kabla ya kuzaa. Ukimvua ovyo, wajukuu zako hawatamwona. Mwishoni mwa miaka ya 1990 habari zikasambaa kwamba yuko kwa wingi kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, nje ya maji ya nchi yoyote. Kufika 2000 meli kwa makumi zilikuwa zimemiminika na nyavu za kukokota. Hakuna leseni, hakuna kikomo, na chombo cha kusimamia hakikuwepo. Baada ya miaka miwili mitatu samaki walipungua na wengi wakaondoka.

Waliobaki ni wachache. Mwaka 2006 kampuni nne, za Australia, New Zealand, Mauritius na Namibia, ziliunda umoja wao, SIODFA, na mwaka huo huo zikatangaza zenyewe maeneo 11 ambamo meli zao hazitashusha nyavu, ili kulinda matumbawe ya kilindini. Umoja huo una maeneo yenye majina ya kuchekesha, moja linaitwa Middle of What, yaani "Katikati ya Nini", sijui nahodha gani alikuwa amepotea. Mkataba wa nchi wa kusimamia eneo hilo, SIOFA, ulisainiwa mwaka huo huo, lakini ulianza kufanya kazi 2012. Yaani kwa miaka sita mkataba ulikuwa bado karatasi tu, lakini ahadi ya wavuvi wenyewe ilikuwepo. Mwaka 2018 nchi wanachama zikayapa matano kati ya maeneo ya umoja huo ulinzi wa muda, safari hii kwa kanuni inayowabana wote, si wale wanne tu.

Najua utaniambia walifunga kwa hila. Ni kweli walikuwa na sababu zao: mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulikuwa unajadili kudhibiti nyavu za kukokota chini ya bahari, na maneno ya kuzipiga marufuku kabisa yalikuwa hewani. Wapo pia waliosema sehemu ya maeneo yale hayakuwa na faida kwao. Sawa. Lakini jambo ambalo hila haiwezi kulieleza ni takwimu. Meli zile zilipokuwa zikiwinda zilirekodi mwangwi wa makundi ya samaki kwa vyombo vyao vya sauti, mwaka hadi mwaka, na rekodi hizo zikatumika SIOFA ilipofanya tathmini ya kwanza ya samaki huyo mwaka 2018. Ndilo lile daftari la nahodha wangu, isipokuwa hapa lilifunguliwa.

Kwa nini wale walifungua na nahodha wangu akafunga? Nimelifikiria sana hili. Wale walikuwa wachache, wanajuana, na walitarajia kurudi pale pale miaka kumi ijayo. Samaki akiisha ni wao watakaopata hasara. Nahodha wangu alikuwa na leseni isiyozidi mwaka mmoja kwenye maji yetu, na mshahara unaotegemea tani. Mwakani kampuni ingeweza kumpeleka Pasifiki. Kumwomba atunze bahari ya Tanzania ni kama kumwomba abiria wa daladala abadilishe oili ya gari.

Kusini zaidi huko, kwenye maji ya baridi ya Kerguelen na Kisiwa cha Heard, iko hadithi ya namna hiyo hiyo. Wenye leseni halali waliona maharamia wakiwamalizia samaki wa thamani kubwa, wakaunda umoja wao mwaka 2003 na kutoa zawadi ya fedha kwa atakayeleta habari za meli haramu. Mwaka huo huo meli ya doria ya Australia iliikimbiza Viarsa 1, meli iliyoshukiwa kuvua kiharamu, kwa siku 21 hadi Atlantiki. Mvuvi mwenye cha kupoteza ni askari asiyelala.

Sisi tulipita njia nyingine. Wote mnakumbuka Tawariq 1, meli ya kigeni iliyokamatwa majini mwetu Machi 2009, wale "samaki wa Magufuli" waliogawiwa mashuleni na magerezani. Ilikuwa kazi nzuri na watu walishangilia, nami nilikula. Lakini kukamata meli moja si usimamizi. Baadaye tukaweka mrabaha wa senti 40 za dola kwa kila kilo ya samaki. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Meli zikaacha kuomba leseni, na mrabaha ukaja kuondolewa. Meli ambayo haijakuomba leseni haikuletei takwimu wala haipandishi mwangalizi, lakini jodari hana mpaka, anavuliwa hatua chache nje ya mstari wetu.

Sasa ile nusu ninayoafiki. Februari 2023, Mombasa, kikao maalumu cha IOTC kilipiga kura kufunga kwa siku 72 kila mwaka uvuvi wa kutumia maboya yanayoelea, yale yanayokusanya jodari wadogo kabla hawajakomaa. Azimio likapita kwa theluthi mbili. Kisha Umoja wa Ulaya, wenye meli kubwa za nyavu za kuzungusha, ukaweka pingamizi, wengine wakafuata, na pingamizi zikawa nyingi kiasi cha kuliua. Hapo fisi hakuwa mgeni mwalikwa, alikuwa na kura. Kwa hiyo mimi nikisema washirikishwe simaanishi waamue kiasi cha kuvua. Kikomo cha tani kiwekwe na nchi kwa ushauri wa wanasayansi, na mwenye meli awe na haki ya kusema, si haki ya kuzuia. Lakini namna ya kufika kwenye kikomo hicho, urefu wa mpini, safu za kitabu, saa ya kutandaza, eneo la kufungwa, hapo aitwe tena mapema, kabla wino haujakauka. Asiitwe mwakilishi wa kampuni mwenye tai peke yake. Aitwe nahodha na serahangi.

Na leseni ziwe ndefu kwa wanaoandika ukweli. Miaka mitano kwa mwenye kumbukumbu safi, yenye kamera sitahani, na ifutwe siku akikutwa anadanganya. Takwimu zake za mahali alipovua zitunzwe kwa siri, kama benki itunzavyo akaunti, vinginevyo daftari halitafunguka.

Kuna mkuu mmoja juu huko ameuliza, "Na wavuvi wetu wadogo je?" Swali lako ni zuri kuliko mada yenyewe. Karibu nusu ya jodari na jamaa zake wanaovuliwa Bahari ya Hindi huvuliwa na wavuvi wadogo wa nchi za pwani. Kwa hiyo tukisema sekta ya uvuvi, sekta ni wao pia. Mjomba wangu wa Kigombe anavua sehewa na jodari kwa mshipi wa mkono, zaidi ya miaka 30 sasa. Anasema zamani aliwapata akiwa bado anauona mnazi wa msikitini, sasa anakwenda hadi mnara wa simu unapotea machoni. Mwezi wa nane mwaka jana alinitajia siku, upepo na idadi, kimoja kimoja, bila kuandika popote. Niliyaandika kwenye daftari langu. Hadi leo sijapata ofisi ya kulipeleka.