Kabla hujampa nyigu jina, mlinganishe

Tangu makala yetu ya kuelezea spishi mpya ya nyigu ikubaliwe, ujumbe ninaoletewa ni ule ule: "Dada, na mimi nimepata kadudu kageni, nianzie wapi?" Nawajibu wote hapa.

Nyigu wangu hafiki milimita moja. Jike hutaga ndani ya kidung'ata, yule mdudu mdogo mwenye unga mweupe anayefyonza utomvu wa mimea, akiwa hai, buu humla humo humo, na kidung'ata hugeuka ganda gumu la rangi ya kahawia. Anza na ganda hilo. Litie kwenye kapsuli tupu ya dawa, usubiri. Atakayetoboa tundu akatoka, utajua ametoka kwa nani.

Kisha hadubini. Unamlainisha kwa potasi mpaka nyama iyeyuke libaki gamba, unatenga papasi (zile pembe nyembamba za kichwani) na mabawa kwa sindano nyembamba, unavilaza kwenye kioo kwa tone la kanada balsamu, gundi angavu ya utomvu wa mti. Ukipumua vibaya, bawa limepeperuka. Hapo sasa unahesabu pingili za papasi, unapima vinyweleo vya ukingo wa bawa, na unalinganisha na kila ndugu yake aliyekwisha kuandikwa. Kazi yenyewe ni kulinganisha.

Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba napoteza ujana kwa vumbi. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu historia ya mihogo anaijua. Kidung'ata aliyevamia mihogo ya Afrika alipewa jina Phenacoccus manihoti mwaka 1977. Wataalamu wakamtafutia maadui kaskazini mwa Amerika Kusini, lakini nyigu wa huko hawakumfaa. Kule aliishi pacha wake wa sura, aliyekuja kuitwa Phenacoccus herreni mwaka 1981. Mwaka huo huo vidung'ata wenyewe wakapatikana Paraguay, pamoja na nyigu Anagyrus lopezi, ambaye mtaalamu wa wadudu De Santis alikwisha mwandika mwaka 1964. Nyigu huyo akaachiwa Nigeria, akasambaa, mihogo ikapona, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Vumbi liko wapi hapo? Hata Acerophagus papayae, nyigu aliyeletwa Kenya kwa ajili ya vidung'ata wa mapapai, alipata jina mwaka 2003 tu.

Vijana wenzangu, tusikae tukingoja wageni waje kuwapa majina wadudu wa mashamba yetu. Fungeni mlango, kaeni na hadubini, linganisheni. Mkimaliza, linganisheni tena na wa nchi jirani, maana nyigu hajui mpaka.

Jarida likiwa la mtandaoni pekee, hakikisha kazi imesajiliwa ZooBank, daftari la kimataifa la majina ya wanyama, kabla haijatoka. Na holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, ikabidhi makumbusho, isibaki kwenye droo ya ofisi yako. Kwenye lebo andika kijiji, tarehe, mmea na kidung'ata aliyemtoa, kwa wino usioyeyuka kwenye spiriti.