Shangazi, mwanangu anaibiwa bwenini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, bweni la wasichana. Tangu Januari ameibiwa ndoo 2, sabuni, hata chupi kambani. Anataka nimhamishie shule ya kutwa. Nifanyeje? – Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa matroni miaka 14. Ndoo nilizozisaka chini ya vitanda hazihesabiki. Jina lililoandikwa kwa kalamu ubavuni mwa ndoo hukwanguliwa kwa wembe usiku mmoja tu. Liandike kwa msumari wa moto, kwenye kitako na kwenye mfuniko. Sabuni ya mche ikate vipande kwa uzi, aende bafuni na kimoja. Kufuli za bei chee achana nazo, nimeshuhudia ufunguo mmoja ukifungua tranka 5! Chupi asianike akaondoka. Jumamosi wasichana wangu walikaa uani na madaftari, macho kambani, utadhani wanainga ndege kwenye mpunga.

Kuhama, subiri kidogo. Muulize taratibu kama kuna lingine. Binti mmoja alinililia ndoo wiki nzima, kumbe dada wa kidato cha tatu wanamwamsha saa 10 alfajiri awachotee maji. Likiwa hilo, kufuli haisaidii. Nenda mwenyewe ukaonane na matroni, ila si siku ya wazazi kutembelea. Siku hiyo hatapata hata nafasi ya kukukaribisha kiti.